Malengo sita, mshahara mmoja: nichague yapi mwaka huu mpya?

Karani wa Umoja ameuliza:

Wanabaraza, salamu kwenu nyote. Mimi ni karani wa hesabu katika kampuni moja ya Eneo la Viwanda hapa Nairobi, ninaishi mtaa wa Umoja, na sina watoto, ingawa ninasaidia kumsomesha mdogo wangu aliye katika shule ya upili. Mwaka huu mpya nimeandika malengo sita: kumaliza ngazi ya kati ya mitihani ya uhasibu ya CPA, kuhamia kazi ya ukaguzi wa hesabu, kununua ploti (kiwanja) huko Joska, nje ya Nairobi, ambayo bei yake inatajwa kuwa shilingi 600,000, kuweka akiba ya dharura ya shilingi 120,000, kulipa shilingi 12,000 za karo ya mdogo wangu kila muhula, na kukimbia asubuhi mara nne kwa wiki.

Baada ya kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya na tozo ya nyumba, mkononi hufika 52,000. Kodi ya nyumba ni 14,000, chakula 12,000, nauli 5,000, umeme, maji, gesi na intaneti 4,000, wazazi huwatumia 4,000, na katika Sacco huweka 3,000. Hubaki 10,000. Amana zangu katika Sacco ni 90,000 na sina mkopo wowote. Ninachowaomba ni mnisaidie kupima ni lipi kati ya haya linawezekana kufikia Desemba, na lile lisilowezekana mniambie waziwazi.

Mwanasacco wa Buruburu amejibu:

Dada, ahsante kwa kutupa tarakimu kamili, kwa maana wengi huomba ushauri wa fedha huku wakizificha fedha zenyewe.

Tupige hesabu. Salio la 10,000 kwa mwezi ni 120,000 kwa mwaka. Karo ya mihula mitatu ni 36,000, hivyo hubaki 84,000. Tuseme usajili, ada za mitihani na vitabu vitachukua 24,000, hubaki 60,000. Hizo ndizo fedha zote za malengo ulizo nazo mwaka huu, na ploti bado hatujaigusa. Kwa hiyo akiba ya dharura ya 120,000 ni lengo jema, ila ni la miaka miwili, nawe liandike 60,000. Matumizi yako ya lazima, ukiacha Sacco, ni 39,000 kwa mwezi, kwa hiyo akiba hiyo itakusitiri kwa mwezi mmoja na nusu kazi ikisimama.

Akiba hiyo usiiweke kwenye amana za Sacco, na ninasema hivi nikiwa mwanachama anayeipenda Sacco yake. Amana ndizo dhamana ya mkopo wako na ya mikopo ya wale uliowadhamini, na kwa kawaida hazitoki mpaka ujiondoe uanachama na kungoja muda wa ilani uishe. Mama akilazwa hospitalini usiku, hilo halitakufaa. Ni afadhali hazina ya soko la fedha (money market fund) yenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo hukurudishia fedha zako ndani ya siku chache na riba yake hukatwa kodi ya asilimia 15, kisha ubakishe kiasi kidogo kwenye simu kwa ajili ya usiku huohuo.

Sasa ploti. Ukitumia salio lote la 10,000 bila karo wala mitihani, 600,000 ni miaka mitano. Najua utaambiwa ukope. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya amana. Mwisho wa mwaka utakuwa na amana za 126,000, kwa hiyo utastahiki 378,000. Lakini mkopo huo, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, ukilipwa kwa miezi 36, utakudai zaidi ya 12,500 kila mwezi, nawe una 10,000. Wadhamini wako ndio watakaoanza kukatwa. Mwaka huu ploti iwe lengo la kujifunza tu: nenda Joska mara baada ya mvua kubwa uone maji yanakosimama, na ujue jinsi upekuzi rasmi wa hati unavyofanywa katika ofisi ya ardhi kabla ya kumpa mtu yeyote hata shilingi.

Jambo lingine ambalo mipango mingi hulipita ni mwezi wenyewe wa Januari. Mshahara wa Desemba aghalabu hulipwa mapema kwa ajili ya Krismasi, kisha shule hufunguliwa mwanzoni mwa Januari. Karo ni 12,000 na salio lako ni 10,000, kwa hiyo unaanza mwaka ukiwa na upungufu wa 2,000 kabla hujaweka akiba yoyote. Usijilaumu kwa hilo na usikope kwenye simu ili uzibe pengo hilo. Ada ya asilimia 8 kwa mkopo wa siku 30 huonekana ndogo, lakini ukiurudia kila mwezi umelipa asilimia 96 kwa mwaka. Mwombe mhasibu wa shule apokee 2,000 zilizobaki mwezi wa Februari. Vivyo hivyo kwa mihula mingine: miezi mitatu ya karo isidaiwe akiba, na ile tisa iliyobaki iweke takriban 6,700 kila mmoja. Wengi huandika kiasi kimoja kwa miezi yote kumi na miwili, karo inapokuja wanashindwa, kisha wanaacha kabisa wakidhani hawana nidhamu.

Mkaguzi wa Upper Hill amejibu:

Ninakubaliana na hesabu za ndugu yetu, ila nitaongeza kuhusu kazi na masomo, maana ndiyo mambo ninayoyafahamu.

Mwaka 1981 Mmarekani George Doran alipendekeza vigezo vitano vya kupimia lengo, na hadi leo semina za kazini huvifundisha: liwe mahususi, lipimike, ijulikane ni nani atakayelitekeleza, liwezekane kwa rasilimali zilizopo, na liwe na muda. Watu hushika kiasi na tarehe, wakakiacha kigezo cha tatu. Wewe umeandika “kuhamia kazi ya ukaguzi”. Mtekelezaji wa lengo hilo ni mwajiri ambaye bado humjui. Ukifika Desemba bila barua ya ajira utajihesabu umeshindwa hata kama ulifanya yote yaliyokupasa. Liandike upya kwa yale yaliyo mikononi mwako. Wakaguzi wa nje wanapokuja kwenye kampuni yenu, mwombe msimamizi wako uwe wewe unayewaandalia majedwali na ulinganisho wa hesabu za benki. Hapo utaijua kazi hiyo kwa karibu, na wao watakujua. Kisha, kuanzia Septemba, tuma maombi mawili kila mwezi. Kabla ya hapo usitume, kwa sababu nitakayoieleza.

Mitihani ya Kasneb, bodi inayosimamia CPA, hufanywa Aprili, Agosti na Desemba. Wewe ni karani wa hesabu, kwa hiyo unajua kwamba kodi ya mishahara hulipwa kufikia tarehe 9 ya kila mwezi, VAT kufikia tarehe 20, na ripoti za kodi za mwaka hufungwa tarehe 30 Juni. Nusu ya kwanza ya mwaka ofisini kwenu huenda ina ufungaji wa hesabu pia. Mtu katika nafasi hiyo akijisajili kwa Aprili analipa ada ili achoke. Lenga Agosti, na ndiyo maana nikasema maombi ya kazi yangoje Septemba. Hukutuambia umebakiza karatasi ngapi za mtihani. Ikiwa ni zote sita, inawezekana kufanya tatu Agosti na tatu Desemba, lakini mimi ningeahidi tatu za Agosti tu, kisha matokeo yaamue za Desemba. Katika siku tisa za kwanza za kila mwezi soma kidogo sana, na siku zinazofuata ongeza. Jumamosi nenda kwenye maktaba ya taifa, tawi la Buruburu, ambalo haliko mbali nawe, kwa maana chumba kimoja chenye kitanda, jiko na simu ni mahali pagumu pa kusomea.

Jambo moja tu nitatofautiana na Mwanasacco. Akiba ingoje Februari, sawa, lakini kusoma kusingoje. Vitabu ulivyo navyo havidai fedha, na Januari isiyo na fedha za kutokea nje ina jioni nyingi.

Mama wa Kahawa Magharibi amejibu:

Mwanangu, nimesoma bajeti yako mara mbili nikitafuta mstari wa michango, na sikuuona. Unaishi Nairobi, una ndugu, jamaa, wenzako wa kazini na kanisa au msikiti. Mwaka hautapita bila mazishi, bili ya hospitali, harusi, na kikundi cha WhatsApp ambako mwekahazina huandika majina ya waliotoa na kila mtu huyaona. Mipango ya vijana wengi ninaowashauri huvunjwa na fedha hizi kuliko anasa, kwa sababu mtu hawezi kukataa, na kwa kuwa hakuzitenga, huzichukua kwenye akiba au kwenye mkopo wa simu. Tenga 1,500 kila mwezi kwa jina hilo. Kwa mwaka ni 18,000, na akiba yako ya dharura itashuka kutoka 60,000 hadi 42,000. Najua inauma, lakini 42,000 zitakazokuwepo kweli Desemba ni bora kuliko 60,000 za kwenye daftari. Na mwezi ambao mfuko huo umekwisha, toa 300 kwa moyo mweupe na uende ukakae na wafiwa. Kuhudhuria kwako kuna uzito ambao wengi wameusahau.

Kuhusu kukimbia, mara nne kwa wiki ni nyingi kwa anayeanza, hasa mwenye kuamka gizani kuwahi matatu. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia watu waliokuwa wakijenga tabia mpya, ukaona kwamba katikati ya kundi ilichukua takriban siku 66 mpaka tendo likafanyika bila kujilazimisha, huku tofauti baina ya mtu na mtu ikiwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Maana yake ni kwamba wanaokata tamaa mwishoni mwa Januari wameacha kabla ya njia kufika nusu, na mara nyingi hapakuwa na kasoro yoyote. Anza na Jumamosi na Jumapili, kukiwa kumekucha na watu wako barabarani, kwa usalama wako. Siku za kazi teremka kituo kimoja kabla ya ofisi utembee. Mwezi wa Aprili ndipo uongeze.

Karani wa Umoja ameandika tena:

Nawashukuru sana. Nimeondoa ploti kwenye orodha ya mwaka huu, na kwa kweli nimepumua. Karatasi nilizobakiza ni tano, kwa hiyo nitajisajili tatu za Agosti.

Lililobaki ni karo. Kaka yetu mkubwa aliye Eldoret alisema atashiriki kumsomesha mdogo wetu, lakini hatujawahi kuketi na kuamua nani analipa muhula upi, na shule ikipiga simu hupigiwa mimi. Mkaguzi alipotaja kigezo cha mtekelezaji nilimkumbuka kaka mara moja. Je, mimi niliye mdogo kwake ninaweza kumwomba tuandikiane bila kuonekana namkosea heshima?

Mama wa Kahawa Magharibi amejibu:

Unaweza, mwanangu, ila usimwandikie kwenye simu, na usianze na fedha. Mwambie mama yenu kwanza, ili kaka asisikie jambo hili kama shtaka lililotoka kwako. Kisha mpigie jioni akiwa ametulia, umwambie, “Kaka, nimejisajili kwa mitihani mwaka huu na ninaomba unishauri jinsi tutakavyompeleka mdogo wetu shuleni bila mimi kukwama.” Mpe nafasi ya kusema mwenyewe kiasi atakachoweza. Akitaja kidogo kuliko ulivyotumaini, kipokee na umshukuru, kisha muulize muhula.

Usikate simu kabla muhula haujatajwa, kwa maana “nitasaidia” peke yake ndiyo iliyowafikisha hapa. Mwombe achukue wa pili. Karo yake hudaiwa karibu na Mei, wakati ambapo wewe utakuwa ukijiandaa kulipia mitihani ya Agosti, na akiubeba huo, 12,000 zinarudi kwenye akiba yako, ifike 54,000. Baada ya hapo mpe mhasibu wa shule nambari ya kaka, ili muhula huo apigiwe yeye.