Ushauri: nataka pesa yangu ya uzeeni iende kwenye uhifadhi

MwanaUsangu: Wakuu, habari zenu. Nina miaka 61, niko Minnesota, nakatwa pesa ya uzeeni kazini tangu 2003. Nimekulia Mbarali. Nilikuwepo mto Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka kiangazi, 1993, viboko wamebanana kwenye kidimbwi cha tope. Nikifa, akaunti yote iende kwa shirika la uhifadhi. Nikiandika kwenye wosia inatosha? Silali.

Msakatonge: Wosia hauna nguvu hapo, mkuu. Pesa humfuata aliyeandikwa kwenye fomu ya wanufaika. Ila wazo ni zuri. Watoto wakubwa wakirithi, kwa kawaida lazima waitoe yote ndani ya miaka 10, na inakatwa kodi ya mapato. Shirika la hisani lililosajiliwa Marekani halikatwi. Watoto waachie nyumba.

MamaWawili: Kaka, shemeji yangu hakubadili fomu, pesa ikaenda kwa mke wa zamani. Tulimzika kwa michango. Fikiria damu yako kwanza.

NgombeSaba: Uhifadhi! Wafugaji walipoondolewa kwenye ardhioevu ya Ihefu, hukohuko Mbarali, 2006, baba aliswaga ng'ombe hadi Lindi, wengi wakafia njiani. Kabla hujatoa hata shilingi, ulizia hilo shirika linaishije na wanavijiji.

Msakatonge: Pole sana, ndugu. Mleta mada, akaunti ni IRA, ile mtu anayojifungulia mwenyewe, au 401(k), ile ya mpango wa mwajiri? Na umeoa?

MwanaUsangu: 401(k).

Msakatonge: Umeoa?

MwanaUsangu: Mwaka wa 24 huu. Hajui. Lakini naye ana akaunti yake, na hii ni jasho langu. Fomu nimeshajaza.

Msakatonge: Hapo ndipo ungeanzia! Kwenye 401(k) mwenza ndiye mrithi kwa sheria, mpaka aridhie kwa maandishi, tena mbele ya notari au mwakilishi wa mpango.

Kisiki: Hii chai. Mtu kakatwa miaka yote hiyo hajui hilo? Tunatungiwa hadithi humu.

MamaWawili: Hata ikiwa chai, mke aambiwe.

MwanaUsangu: Si chai. Fomu imerudishwa juzi, kisanduku cha sahihi ya mwenza kiko kitupu. Nilidhani wosia utanipitisha pembeni. Anatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi. Nimeiweka mezani, karibu na chupa ya chai.