Mjadala: Gazeti linalotoka Sanaa, mji mkuu wa Yemen, leo bado ni gazeti?

MLETA MADA (Mombasa)

Assalaam aleikum wadau. Juzi barazani, kahawa haijapoa, mzee mmoja wa Kishihiri, mwenye asili ya Yemen, alitupa kauli iliyotutoa jasho: Yemen haikuuliwa na bunduki, iliuliwa na magazeti yake. Maana yake ni kwamba baada ya maandamano ya 2011 yaliyomng'oa Rais Saleh, nchi ilipopata nafasi ya kujitengeneza, waandishi wa pale walishabikia vyama vyao mpaka mageuzi yakafia njiani. Akamalizia kwamba yanayotoka Sanaa sasa si magazeti, ni matangazo ya jeshi. Nusu ya baraza ilimuunga mkono. Mimi nilibisha, na bado nabisha.

Magazeti ya Yemen lini yalikuwa na nguvu ya kuua kitu? Kaskazini na kusini zilipoungana 1990 ilitungwa sheria ya vyombo vya habari, namba 25, na kila chama kikawa na gazeti lake: Al-Mithaq la chama cha Saleh, Al-Sahwa la Islah, chama cha Kiislamu, Al-Thawri la Wasoshalisti. Lakini soma kifungu cha 103. Marufuku kumkosoa mkuu wa nchi, ila ukosoaji wa kujenga unaruhusiwa. Anayepima kama umejenga au umebomoa ni nani? Huyohuyo aliyekosolewa.

Tazameni yaliyolipata Al-Ayyam la Aden, gazeti la tangu 1958, Mwingereza akiwa bado anatawala. Wastaafu wa jeshi la kusini walipoanza kuandamana 2007 wakidai haki zao, Al-Ayyam lilichapisha habari na picha zao. Mei 2009 magari yaliyobeba nakala yakazuiwa barabarani, na magazeti mengine kadhaa, Al-Masdar na Al-Nida yakiwemo, yakapigwa stopu mwezi huohuo. Mwaka huo pia ikaundwa mahakama maalumu ya kesi za waandishi. Januari 2010 jengo la Al-Ayyam lilizingirwa, risasi zikalia, mhariri Hisham Bashraheel akachukuliwa. Halafu 18 Machi 2011, siku waandamanaji kama 50 walipouawa Sanaa, mpiga picha wa Al-Masdar, Jamal al-Sharaabi, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Watu wa namna hii ndio tuwaambie waliua mageuzi?

Karibuni tukosoane, matusi hapana.

MDAU WA TEMEKE

Mkuu, nakuheshimu, ila hapo umechanganya madesa. Mzee kauliza ya leo, wewe unajibu ya Saleh. Wahouthi, kundi lenye silaha kutoka kaskazini, waliingia Sanaa na kuitwaa 21 Septemba 2014. Juni 2015 waandishi tisa walichukuliwa kwa mpigo kwenye hoteli moja ya mjini humo. Unajua walikuwa wanafanya nini hotelini? Kazi. Mjini umeme na intaneti vilikuwa vya kubahatisha, hotelini vilipatikana. Aprili 2020 wanne kati yao wakahukumiwa kifo, wakaja kutoka Aprili 2023 kwa kubadilishana wafungwa. Sasa nijibu: aliyebaki ofisini kwenye gazeti la Sanaa ni nani? Ni yule aliyekubali.

Ushahidi mwingine, chukua simu yako. Kuna shirika la habari la Saba la Sanaa na Saba la serikali iliyokimbia Sanaa ikahamia Aden. Jina moja, nchi moja, na kila moja linasema ndilo la halali. Habari ni ileile ya mapigano. La Sanaa linawaita wenzao mamluki wa uvamizi, yaani wa Saudia, la upande wa pili linawaita hao wa Sanaa wanamgambo wa mapinduzi. Neno moja tu hawagombani: shahidi. Kila upande wafu wake ni mashahidi.

Magazeti ya namna hiyo bora yangefungwa, mtu akajua hakuna habari, kuliko kulishwa sumu kwenye sahani safi.

MCHANGIAJI WA TANGA

Nachokoza kidogo. Abdulkareem al-Khaiwani mnamweka wapi? Alikuwa mhariri wa Al-Shura, akafungwa 2004 kwa kuandika tofauti na serikali kuhusu vita vya serikali na Wahouthi huko Saada, kaskazini, akahukumiwa tena 2008, dunia ikampigia makofi na kumpa tuzo. Baadaye akawa upande wa Wahouthi, akakaa kwa niaba yao kwenye Mazungumzo ya Kitaifa, mkutano wa kupanga nchi baada ya Saleh. 18 Machi 2015 akapigwa risasi Sanaa. Mdau wa Temeke, huyo ni mwandishi au ni wa “aliyekubali”?

MDAU WA TEMEKE

Mpaka 2008 ni mwandishi. Baada ya hapo ni mwanasiasa mwenye kalamu. Namwombea rehema, ila sibadilishi neno.

BINTI MUKALLA (Muscat)

Waaleikum salaam kaka zangu. Mimi nimeolewa Mukalla, mji wa pwani kusini mwa Yemen, sasa tuko Muscat, na mnavyobishana naona hamjawahi kutuma pesa Yemen.

Nyumbani kwangu mama mkwe anafungua magazeti ya pande zote mbili kwenye simu. Kurasa za vita anazipitisha kwa kidole gumba kama mtu anayepangusa vumbi. Anachotafuta ni bei ya dola. Tangu 2016 benki kuu imegawanyika, moja Sanaa, moja Aden. Wa Sanaa walikataa noti mpya zilizochapwa na upande wa Aden, wakabaki na zile kuukuu zilizochakaa mpaka zimekuwa kama vitambaa. Mwishoni mwa 2024 dola Sanaa ilikuwa riali kama 530 na kitu, Aden imefika kama 2,000. Magazeti mawili, bei mbili, na yote mawili yanasema kweli! Mama mkwe akiona bei anapiga hesabu ya unga kabla sijavaa viatu niende kwa hawala.

Kaka wa Temeke unasema yafungwe. Basi sisi tusome nini? Mashirika ya nje yatakuja kuandika unga wa Mukalla? Wao wanakuja kukiwa na maiti.

Halafu la njaa mmelipita. Wafanyakazi wa serikali upande wa Sanaa mishahara yao ilivurugika tangu 2016, na wa magazeti ya serikali wamo humohumo. Mtu hajalipwa miaka, upande wowote unaomletea gunia la unga utapata kichwa cha habari. Huyo si lazima awe msaliti, ni baba wa watoto.

MLETA MADA

Dada, hilo la bei umenifunga mdomo, nami nilikuja na sheria na tarehe.

Kwa Mdau wa Temeke nakubali nusu. Kweli niliikwepa ya leo. Kurasa za mbele za Sanaa, zikiandika vita, sizitetei, na za Aden hali kadhalika. Juni 2021 ofisi za Saba mjini Aden zilitwaliwa na Baraza la Mpito la Kusini, kundi lililotaka kusini ijitenge, kwa hiyo asije mtu akanambia upande huo ni peponi. Ila ukisema yalifaa yafungwe, unalitupa gazeti zima kwa ajili ya ukurasa mmoja. Kwa vita silisomi. Kwa bei, mvua, barabara iliyofungwa na tangazo la msiba, nalisoma.

Na kuhusu mageuzi sirudi nyuma. Mazungumzo ya Kitaifa yalianza Machi 2013, wajumbe 565, hotelini Sanaa, mpaka Januari 2014. Likatoka pendekezo la kuigawa nchi mikoa sita, Wahouthi wakalikataa, wengi wa kusini pia. Gazeti gani lilizuia hapo? Mnataka kuona nani alikuwa na nguvu, kumbukeni Februari 2012. Gazeti la serikali, Al-Thawra, lilitoka bila picha ya Saleh ukurasa wa mbele. Picha tu! Saleh alikuwa ameshatia saini kuondoka, tangu Novemba 2011 kule Riyadh. Wafuasi wake wakaivamia ofisi mpaka picha irudi. Sasa mhariri asiyeweza kuiondoa picha ya mtu anayeondoka, ataiondoa vipi nchi kwenye njia yake?

MCHANGIAJI WA TANGA

Hapo mzee wa baraza kashindwa kwa pointi.

MDAU WA TEMEKE

Hajashindwa. Vyama viliyatumia magazeti, magazeti yakakubali kutumika. Wa Al-Ayyam walikataa, tukaona yaliyowakuta. Kwa hiyo kukataa kuliwezekana. Kwa bei ya dola naweza kumsikiliza dada, kwa mengine nitabaki na mzee. Na hiyo bei si habari ya gazeti, ni tangazo la duka la fedha lililobandikwa gazetini.

BINTI MUKALLA (Muscat)

Sawa kaka, liite unavyotaka. Mama mkwe kashanipigia mara mbili, anasema riali ya Aden imeshuka tena tangu asubuhi na hawala wanafunga saa mbili. Nikirudi nitasoma mliyoandika.