Kwa nini kima punju wanakula makaa?

Mkulima wa Pete:
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Shamba letu limepakana na msitu wa Jozani, na kila jirani yetu anapofungua tanuri lake la makaa, kima punju, wale kima wekundu wa hapa Unguja, huteremka mitini, wakaokota vipande vilivyobaki na kuvitafuna kwa utulivu, midomo ikiwa myeusi. Jana nilimwona mtoto, angali amekumbatia tumbo la mama yake, akinyoosha mkono kudokoa kipande kilichokuwa kinywani mwa mama. Je, ni njaa, ni maradhi, au kuna kitu wanachokikosa msituni?

Mwalimu wa Baiolojia:
Waalaykumu salaam. Si njaa wala maradhi. Chakula kikuu cha kima punju ni majani, na tumbo lake lina vyumba ambamo bakteria huyachachua hadi yakameng'enyeka. Huku mashambani amepata majani machanga ya miembe na mikungu, yenye protini nyingi lakini pia yenye fenoli, yaani kemikali ambazo mti hujikingia na walaji, na ambazo zikizidi huvuruga umeng'enyaji. Makaa huzinasa fenoli na kuziacha protini. Mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake waliandika habari hii mwaka 1997. Mwembe ulipandwa na watu na makaa huchomwa na watu, kwa hiyo mnyama huyu, ambaye asili yake ni Unguja peke yake, ameyageuza mazingira tuliyoyabadilisha sisi yakawa riziki yake. Na huyo mtoto uliyemwona, kwa maoni yangu, alikuwa darasani.

Mwenye Minazi:
Ya makaa nimeyaelewa, Mwalimu, lakini vidaka vyangu, yaani nazi changa, wanavyovimaliza, nani atanilipa?

Mwalimu wa Baiolojia:
Uchungu wako naufahamu, ndugu yangu, kwani mnazi ni mali. Hata hivyo, Kirstin Siex na Struhsaker walilichunguza jambo hili katika mashamba ya huko huko Jozani, wakakuta kwamba palipoliwa vidaka vingi mavuno hayakupungua, bali yaliongezeka kidogo. Mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na vingi hupukutika wenyewe. Huenda vinapopunguzwa mapema, vilivyobaki hustawi zaidi. Chagua minazi michache, kisha kila wiki uhesabu vidaka vilivyoanguka chini yake, ukitenga vyenye alama za meno na visivyo nazo, nawe utuletee hesabu hiyo hapa.