Mmetupigia X kwenye nyumba tulizojenga wenyewe, na hati mnatunyima mwaka wa ngapi sasa?

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mtanisamehe, naandika nikiwa na hasira.

Jana nimerudi kazini nikakuta X nyekundu, ile alama ya nyumba ya kubomolewa, ukutani kwangu, ubavuni mwa dirisha la chumba cha watoto. Rangi ilikuwa mbichi bado, imechuruzika mpaka kwenye msingi. Hakuna aliyebisha hodi. Jirani alikuwa uani anafua, anasema alisikia viatu tu vikipita. Nyumba kumi na nne kwa mchana mmoja!

Mimi nilinunua hapa 2008, huku Magharibi A, Unguja, kwenye eka tatu ya mzee mmoja aliyepewa na Serikali baada ya Mapinduzi. Karatasi ninayo, nimeitia kwenye mfuko wa nailoni maana muhuri wa sheha, kiongozi wetu wa Serikali hapa mtaani, umeanza kufutika. Mkiisoma hamtoona neno kiwanja. Imeandikwa nimeuziwa minazi minne na mwembe mmoja. Kila aliyenunua huku anajua kwa nini: ardhi ni ya Serikali, eka haikatwi vipande ikauzwa, basi ikauzwa miti na sisi tukajenga chini yake. Mwembe ule bado upo, ndipo tunapofanyia vikao vya mtaa. Leo naambiwa karatasi ile si chochote. Na waliopiga muhuri ni nani, si watu wa Serikali hiyo hiyo?

Masika ya 2017 maji yaliingia ndani mpaka kwenye magodoro, makaro ya vyoo yakafurika. Hatukungoja mtu. Tulichanga kila nyumba, asiyekuwa na pesa alitoa mikono, tukachimba mtaro kutoka msikitini mpaka bondeni. Wenzetu wawili walivunja mabanda yao wenyewe ili njia ipite, na mmoja wao ni mjane, alikuwa akilipangisha hilo banda. Hakudai hata shilingi. Ofisi walikuja, wakapiga picha kwenye ule mtaro, wakatusifu. Baadaye tukachora ramani ya mtaa kwa futi kamba, nyumba kwa nyumba, mipaka yote majirani wamekubaliana na kutia saini. Tukaipeleka ofisini tukiomba utambuzi. Sheria ya Utambuzi wa Ardhi ipo tangu 1989: watu waje mtaani, wasikilize nani kakaa wapi, mwenye pingamizi aseme, kisha iandikishwe. Hicho tu ndicho tulichoomba. Jibu likawa njooni wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka karani akatuambia haioni ramani yetu.

Halafu mwezi uliopita tukaitwa mkutanoni. Tukaonyeshwa picha ya maghorofa yatakayojengwa hapa petu, imeshamalizika, rangi na miti ya mapambo juu. "Tumekuja kuwaarifu." Nikauliza, kati yetu nani atarudi humo na kwa karatasi gani? Sikujibiwa. Mimi sipingi ghorofa. Wazee wetu waliona mitaa ya Ng'ambo pale mjini ikivunjwa na maghorofa ya Michenzani yakisimama, na wapo waliopata maisha mazuri mule. Ila asiye na hati akishatolewa, anarudi kwa kudai nini? Minazi minne?

Wala jambo hili si geni. Hapo Dar tu, watu waliotolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walijikusanya kwenye ushirika, wakapata eka 30 Chamazi na kuanza kujenga. Thailand tangu 2003 Serikali inakikopesha kikundi kilichoweka akiba, na ardhi inashikwa kwa pamoja ili mwenye pesa asije akawanunua mmoja mmoja. Waliokaa juu ya mfereji wa Bang Bua, Bangkok, walikubali kusogeza nyumba maji yapite, wakapewa mkataba wa ardhi wa miaka 30. Sisi mabanda tumeshavunja, mtaro tumeshachimba. Tulichopewa ni rangi.

Kwa hiyo nauliza, na naomba majibu ya kweli. Yupo humu, Unguja au Pemba, ambaye mtaa wake umetambuliwa kwa pamoja? Mlipeleka karatasi gani, na mlianzia kwa sheha au wilayani? Na mwenye eka tatu mlimshirikisha vipi? Wa kwetu keshafariki, watoto wake wako watano na mmoja yuko Muscat.

Jumapili baada ya alasiri tunakutana chini ya mwembe. Nakala ya ramani ninayo, nilitoa mbili.