Kompaila za C za zamani: tuendelee kuzibeba au tuziache?

Mtoa mada: Wakuu, naomba tulichambue hili la kompaila, yaani programu zinazogeuza msimbo wa lugha ya C kuwa lugha ya mashine. Curl, ile programu ya kuvuta mafaili mtandaoni, kuanzia toleo la 8.0.0 (Machi 2023) iliacha kuhudumia mifumo isiyo na namba kamili za biti 64. Mi naunga mkono kabisa. C99, yaani toleo la 1999 la kiwango cha C, imeleta long long (namba kamili ya angalau biti 64) na stdint.h (faili la majina ya namba zenye upana maalumu) tangu 1999, waliozaliwa mwaka ule wengine saa hizi ni wazazi! Ukihesabu ukubwa wa faili kwa biti 32 zenye alama, ukivuka GB 2 tu namba inageuka hasi. Na ili umridhishe mtu mmoja wa zamani faili zinajaa #ifdef (masharti ya kuchagua msimbo kulingana na kompaila), hapa __int64 ya Microsoft pale long long kule long tupu, na hizo njia za zamani hakuna anayezitesti.

Mchangiaji 1: Mkuu unaongea kama mtu wa seva. Sisi wa vifaa vidogo tunatumia kompaila ya Keil C51 kwa chipu ndogo za 8051, int (namba kamili ya kawaida) ni biti 16 na za biti 64 hazipo kabisa. Ukibadili kompaila unarudia majaribio yote, nani analipa? Visual Studio ya Microsoft yenyewe ilipata stdint.h 2010. Andika typedef zako (majina yako mwenyewe ya aina za namba) kwenye faili moja, mistari kumi hivi, inakuuma nini?

Mtoa mada: Hapo kuna vitu viwili mnachanganya. Kama kinachokosekana ni jina tu, sawa, unsigned char ukiiita uint8_t maisha yanaendelea, hata mimi nitakuwekea hiyo typedef. Ila kama upana wenyewe haupo, typedef haikupi biti, utaishia kuunganisha nusu mbili kwa struct (kifurushi cha data) na kujumlisha kwa mkono. Ukisema utumie long, Windows ya biti 64 long bado ni biti 32 wakati Linux ya biti 64 ni 64. Halafu 8051 gani inaendesha curl bana 😂

Mchangiaji 2: Na time_t (aina ya C inayohifadhi muda kwa kuhesabu sekunde) ya biti 32 je? Inajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa 12 na dakika 14 asubuhi, sekunde inayofuata mashine inasoma Desemba 1901. Mnaosema kompaila haibadilishwi, hivyo vifaa mlivyofunga mwaka huu mnategemea vizimwe kabla ya hapo?