Python, Scala ao Java? Faili za mizani zimekuwa kubwa, mashini inakufa

Binti wa Katuba
Bandugu jambo kwenu. Niko hapa Lubumbashi, nafanya kazi ya data kwa kampuni ya usafirishaji, makamyo yetu yanabeba shaba kutoka Kolwezi na Likasi mpaka Kasumbalesa. Kila kamyo ikipita ku mizani inaandikwa, tena kuna GPS inatuma mahali iko kila mara, sasa tuko na CSV (faili za maandishi tu, mstari kwa mstari) za miaka 3, zote pamoja giga 40 hivi. Mi natumiaka Python na pandas (maktaba yake ya kuchambua data), lakini nikifungua miezi 3 tu RAM yangu ya giga 16 inajaa, mashini inakufa. Shefu amesoma mahali kama Python ni ya polepole, anataka tuandike yote upya kwa Scala juu ya Spark (programu ya kugawanya data kubwa kwa mashini nyingi). Scala sijaigusa hata siku moja na humu ofisini ni mimi peke yangu njo naandika programu. Nijifunze Scala, ao Java, ao kuna njia ingine? Niko na miezi 2.

Mtoto wa Kamalondo
Shefu wako ana haki dada. Spark yenyewe imeandikwa kwa Scala, ilianzaka 2009 kule Berkeley, na Hadoop ya mbele yake, iliyofanya kazi ya namna ile, ni Java. Python ya kawaida iko na ile kufuli ya GIL, nyuzi zako (kazi za programu za wakati moja) zinapangana foleni, moja tu njo inafanya kazi. Na Scala ukichanganya namba na maandishi inakukatalia mbele programu ianze, haingoje saa tisa ya usiku. Jifunze, ni uchungu wa mwezi moja tu.

Yaya wa Himbi
Mimi niko Goma, Spark nimeitumikia miaka mingi, na hapo kwa mwendo sikubali. Ukiandika Spark kwa Python, si Python njo inachambua data. Wewe unaandika tu maombi, Spark inayapanga upya yenyewe halafu inayatumikisha ndani ya mashini ya Java, ukiandika kwa Scala mpango unatoka uleule. Uzito unakuja siku unaandika fonksyo yako mwenyewe ya Python ya kupita kila mstari, pale data inatolewa kwa Java, inapelekwa kwa Python, inarudishwa tena, mamilioni ya mara. Tumia fonksyo za Spark zenyewe na hautaona tofauti kubwa.

Lakini giga 40 dada, hiyo hata Spark haiombe. Kuna DuckDB, hifadhidata ndogo ya mashini moja, ilitoka 2019 kule Amsterdam, iko ya C++, na kuna Polars, sawa pandas lakini ya Rust, zote mbili unaziita kutoka Python yako ileile. Zinatumia kore zote za mashini, zinasoma faili kipande kwa kipande, hazilazimishe yote iingie ndani ya RAM. Kwanza utuonyeshe mstari moja wa faili yako, kuna kitu nashuku.

Binti wa Katuba
Aksanti yaya. Iko hivi: `2024-03-05 06:10;K114;31,75;28,40`

Yaya wa Himbi
Njo ile! Tani zako ziko na koma, sawa vile tunaandikaka kwa Kifaransa. pandas haijui kama 31,75 ni namba, inaiweka kama maandishi, na namba iliyostahili baiti 8 inaweza kula zaidi ya 50. Hata Scala ingekuletea shida hiyo. Ndani ya read_csv, ile fonksyo ya pandas ya kufungua CSV, andika sep=";" na decimal=",", DuckDB nayo iko na decimal_separator. Halafu geuza zote kuwa Parquet (faili iliyobanwa, inapangwa kwa kolona) mara moja, kolona inakaa pekee yake, ukitaka tani tu inasoma tani tu.

Mtoto wa Kamalondo
Hiyo koma mi sikuiwaza, kweli. Kwa giga 40 naachia. Data ikifika tera kumi, na watu 5 wanaandika programu moja, bado nitasema Scala.

Binti wa Katuba
Bandugu nimefanya jana usiku umeme uliporudi. CSV giga 40 zimekuwa Parquet giga 6, na tani za mwaka muzima zimetoka mbele chai yangu ipoe, mashini ni ileile. Nimemwonyesha shefu, amesema tubaki na Python. Sasa kitu kingine: nikiunganisha mizani na GPS kuna makamyo yanafika mbele ya kutoka! Seva ya GPS iko Kinshasa.

Yaya wa Himbi
Kinshasa iko nyuma yenu saa moja. Geuza zote kwa UTC (saa moja ya dunia nzima) wakati unaandika Parquet, ya Kinshasa utoe saa 1, ya Lubumbashi utoe saa 2. Usitengeneze ndani ya kila swali, siku moja utasahau na kamyo itafika tena mbele ya kutoka.