UKOO MMOJA 🌿

[19:02] Shangazi Rehema: Habari za jioni. Zawadi anaanza sheria Jumatatu ya wiki ijayo, siku 9 zimebaki. Leo tumalize mawili: kompyuta, na nani atamwelekeza kusoma kesi.

[19:31] Shangazi Rehema: Naona watu 14 wamesoma. Vidole vimekufa ganzi?

[19:33] Mama: Nipo wifi.

[19:40] Zawadi: Shikamooni. Nimeanza na ile kesi ya 1932, konokono kwenye chupa ya soda ya tangawizi. Nimeirudia mara tatu.

[19:41] Baraka: 😂 Karibu. Hakuna anayesoma sheria bila kukutana na konokono huyo. Na haikuwahi kuthibitishwa kwamba alikuwemo.

[19:44] Mama Mkubwa: Alikuwa mzima?

[19:45] Zawadi: Inadaiwa alishaoza, Mama Mkubwa.

[19:45] Mama Mkubwa: 🤮

[19:46] Shangazi Rehema: Konokono basi! Kompyuta.

[19:52] Baraka: Zawadi, usikariri majina na miaka, mimi ndiko nilikopotelea. Kila kesi ukurasa mmoja: nini kilitokea, swali lilikuwa lipi, mahakama ilisemaje, kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo majaji wa baadaye wanaifuata. Yule mama aliyeinywa akashtaki, soda alinunuliwa na rafiki, hakuwa na mkataba na mtu. Ndipo mahakama ikauliza: kisheria, jirani yangu ni nani?

[20:58] Ba'mdogo Juma: Kompyuta tena? Ile tuliyomchangia Baraka iko wapi?

[20:59] Shangazi Rehema: Juma usianze.

[20:59] Baraka: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[21:10] Zawadi: Ba'mdogo, kwa heshima zote. Mwezi wa pili uliandika humu humu "Zawadi akifaulu, kompyuta juu yangu". Nimefaulu. Kuna kesi ya 1893: kampuni ilitangaza kumlipa atakayetumia dawa yao kama ilivyoelekezwa, kisha akaugua mafua. Mama mmoja akatumia, akaugua. Wakajitetea kuwa ni tangazo tu. Mahakama ikasema walipe.

[21:12] Mama: Zawadi!!

[21:15] Baraka: Mjomba nakutetea bure. Balfour, 1919. Mume alimwahidi mkewe pesa za kila mwezi, mke akashtaki, akashindwa kwenye rufaa. Ahadi za mke na mume nyumbani kwa kawaida si mkataba.

[21:16] Ba'mdogo Juma: Kumbe ule mwaka mmoja wa Baraka haukupotea 😂😂

[21:17] Zawadi: Hao ni mke na mume. Wewe ni ba'mdogo.

[22:40] Babu: Mimi hao wa 1919 siwajui. Juma, ulichoandika bibi yenu alinisomea. Rehema, habari ya kompyuta ya kwanza ulisema utaeleza, mpaka leo hujaeleza. Mtoto asiende shule na ugomvi wenu mgongoni.

Jumapili

[06:15] Ba'mdogo Juma: Shikamoo baba. Nimesikia. Naangalia mwisho wa mwezi.

[06:16] Shangazi Rehema: Mwisho wa mwezi atakuwa ameshaanza!

[06:30] Mama: Asante shemeji.

[07:48] Baraka: Zawadi nipigie Jumatano tuisome pamoja ya konokono. Ile kompyuta ya zamani kioo kimepasuka ila inawaka, uanze nayo.

[07:49] Shangazi Rehema: Inawaka? Si uliniambia iliibiwa?

[09:27] Mama Mkubwa: Sasa aliingiaje kwenye chupa?